Shangazi au Mkaza Mjomba? Upweke wa Yatima katika Riwaya ya Jane Eyre

Kiingereza humtaja dada wa baba, dada wa mama na mke wa mjomba kwa neno moja tu. Kiswahili hakina ukarimu huo. Msomaji Mswahili anayeifungua riwaya ya Jane Eyre, iliyoandikwa na Charlotte Brontë na kuchapishwa mwaka 1847, hana budi kuamua mapema Bi. Reed ni nani kwa Jane. Ni rahisi kumwita shangazi. Kwa kweli ni mkaza mjomba, na tofauti hiyo ndiyo inayobeba kisa chote cha utoto wa mhusika huyu.

Mamake Jane alikuwa dada wa pekee wa Bwana Reed. Aliolewa na kasisi fukara kinyume cha matakwa ya jamaa zake, naye babake akamnyima urithi. Wazazi wa Jane walipofariki wakifuatana, Bwana Reed alimchukua mpwa wake angali mchanga. Alipokuwa akikata roho alimtaka mkewe aahidi kumlea mtoto huyo kama wanawe. Basi Bi. Reed hakufungwa na damu, alifungwa na ahadi aliyompa marehemu.

Tunapokutana na Jane ana umri wa miaka 10. Amefukuzwa penye moto waliouzunguka wenzake, naye amejificha nyuma ya pazia la dirisha akitazama kitabu cha ndege. Binamu yake John, mwenye miaka 14, anamkumbusha kwamba vitabu ni mali yake na kwamba yeye Jane ni mtegemezi tu, kisha anamrushia kitabu hicho na kumpasua kichwa. Jane anapojitetea, ni yeye anayeadhibiwa. Mtumishi aitwaye Abbot anamwambia kwamba yu chini hata ya watumishi, kwani wao hula jasho lao. Si mtoto wa nyumba ile, si mtumishi wake. Bessie, yaya, humwonea huruma, lakini kwa vipindi.

Adhabu yenyewe ni kufungiwa katika chumba chekundu, mle mle alimofia Bwana Reed miaka tisa iliyotangulia. Mlinzi wa pekee ambaye Jane angeweza kumdai haki ni maiti wa chumba hicho. Anapowaza kwamba huenda mjomba akarudi kumtetea, faraja inageuka hofu. Anapiga mayowe, Bi. Reed anamsukuma ndani tena, naye anazimia.

Chuki hii inatoka wapi? Brontë haharakishi kujibu. Ni miaka mingi baadaye, Bi. Reed akiwa mahututi, ndipo anapokiri kwamba alimchukia mamake Jane kwa jinsi mumewe alivyompenda dada huyo, na kwamba mume alimjali mtoto wa dadake kuliko alivyowajali wanawe mwenyewe. Kwa Kiswahili jambo hili lina jina: uwifi. Jane alirithi ugomvi wa mawifi wawili, mmoja wao akiwa kaburini.

(Brontë mwenyewe alifiwa na mamake mwaka 1821, akalelewa na mama mkubwa. Wanaousaka wasifu wa mwandishi ndani ya jumba la Gateshead wasiusahau uhusiano huo, kwani si huu wa riwayani.)

Kuna pia barua. Ami yake Jane aliyekuwa Madeira aliandika akitaka kumchukua na kumrithisha, Bi. Reed akamjibu kwamba mtoto alikufa kwa homa shuleni Lowood. Sasa anaikabidhi barua hiyo, ikiwa imekaa miaka mitatu. Jane anamsamehe na kuinama ambusu. Bi. Reed anageuza uso.