Kufukuzwa kazi kwa sababu ya uzee: mzee aliyeishitaki kampuni yake



Familia nyingi hapa kambini zina ndugu waliokwisha kufika Marekani, na kuna walioanza kazi za viwandani huko wakiwa wamepita miaka 40. Je, mtu kama huyo akifukuzwa kwa sababu amezeeka, ndiyo basi? Hapana. Tuone kesi ya mzee Roger Reeves.

Reeves alifanya kazi miaka 40 kwenye kampuni ya Sanderson Plumbing, jimbo la Mississippi, iliyotengeneza viti na vifuniko vya vyoo. Alikuwa msimamizi, akiandika mahudhurio na saa za wafanyakazi. Mwaka 1995, akiwa na miaka 57, akafukuzwa. Kampuni ikadai eti hakuandika saa vizuri. Kumbe kabla ya hapo mkubwa mmoja alimwambia kwamba kwa uzee wake lazima alikuja na Mayflower, meli iliyoleta Waingereza Marekani mwaka 1620! Na waliopewa nafasi yake walikuwa na miaka ya thelathini tu.

Mzee hakunyamaza. Alishitaki kwa kutumia sheria ya mwaka 1967, inayolinda wafanyakazi kuanzia miaka 40. Alieleza kwamba mashine ya saa ilikuwa ikishindwa kusoma kadi, na hapo yeye alikwenda mwenyewe kuangalia nani yuko kazini, ndipo akaandika. Raia walioamua kesi wakampa ushindi. Mahakama ya rufaa ikamnyang'anya. Mwezi wa Juni 2000, majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakaitengua hukumu hiyo ya rufaa. Walisema: mwajiri akitoa sababu, na ikaonekana ni ya uongo, uongo huo pamoja na ushahidi mwingine unaweza kutosha kuonyesha kwamba shida ilikuwa umri.

Lakini tuelewane vizuri. Sheria haikatazi kumfukuza mzee. Inakataza kumfukuza kwa sababu ni mzee. Tena inahusu makampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi. Malalamiko hupelekwa kwanza kwenye tume ya serikali iitwayo EEOC, bila malipo, ndani ya siku 180 tangu kufukuzwa. Majimbo mengi yanaruhusu siku 300. Anayekaa tu kusikitika, siku zinampita.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na kazi ni mali. Kwa hiyo mkiongea na ndugu zenu kwenye simu, waambieni mambo haya:

- Ukiambiwa neno baya juu ya umri wako, andika tarehe, nani alisema na nani alisikia.
- Tunza barua zote za kazi na karatasi za mshahara.
- Ukifukuzwa, uliza sababu, na uiandike siku ileile.
- Usisaini karatasi usiyoielewa. Tafuta kwanza mtu wa kukusomea.