Mtoto Huntha: Kisu Kisitangulie Uchunguzi

Mwaka 2009 mtoto alizaliwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Katika hati zake, mahali pa jinsi, pakawekwa alama ya kuuliza. Shauri lake lilifika Mahakama Kuu, nayo mwaka 2014 ikaitaka serikali ieleze hatua za kusimamia upasuaji wa watoto wa namna hiyo. Leo Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 inakataza kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto huntha pasipo ushauri wa daktari wa jenetiki.

Kwa nini sheria iuzuie mkono wa tabibu? Kwa sababu uamuzi huo haukuwa wa kitabibu daima. Tangu miaka ya 1950, kwa kufuata nadharia za John Money wa Johns Hopkins, Marekani, watoto ambao uume wao ulionekana mfupi mno walipasuliwa na kulelewa kama wasichana. Mwanamume alipimwa kwa rula. Msichana alidhaniwa kuwa rahisi zaidi kutengenezwa. Wengine walipoteza uwezo wa kuzaa, wakafichwa ukweli hata ukubwani. Kwetu upendeleo huweza kuja na sura nyingine, pale ukoo unaposubiri mrithi wa kiume.

Yapo, hata hivyo, maradhi yasiyongoja. Katika hitilafu moja ya kurithi ya tezi zilizo juu ya figo, mtoto aweza kupoteza chumvi mwilini na kufa katika majuma ya mwanzo. Huyo apewe dawa mara moja. Lakini upasuaji wa kurekebisha sura tu ya viungo, ili majirani wasiulize, waweza kungoja vipimo vya homoni na kromosomu, na mara nyingi kauli ya mwenyewe.

Tamko la Kanisa Dignitas Infinita la 2024, likikataa ubadilishaji wa jinsi, halikumfungia mlango mtu mwenye kasoro za viungo vya uzazi zilizo wazi tangu kuzaliwa, au zilizojitokeza baadaye, anayechagua msaada wa matabibu. Anayechagua, twasisitiza, mtoto wa siku tatu hachagui.

Nao wazazi wanaomficha mtoto, wakiahirisha ubatizo hadi "ijulikane", twawasihi wamlete. Sakramenti hiyo haingoji majibu ya maabara. Imani na Amani ni majina yanayowafaa wavulana na wasichana vilevile. Mambo ya daftari wamwachie paroko.