KRA ikikata mshahara wako: nani anaruhusiwa, na kiasi gani

Uzi. Ni mrefu kidogo, vumilieni.

Kila mkutano wa siasa hapa Moi's Bridge, anayeshika maikrofoni lazima aseme serikali inaingia mfukoni mwa mfanyakazi. Wa upande ule mwingine anajibu kwamba anayelalamika ni mkwepa kodi. Wote wawili wanapigiwa makofi, na hakuna anayesoma sheria. Mimi nilikuwa nawacheka tu, hadi Agosti 2025, mshahara wangu ulipoingia ukiwa umepungua 15,000.

Nikaenda kwa mhasibu wetu. Akatoa barua kwenye faili: notisi ya uwakala. Maana yake ni kwamba KRA imemteua mtu anayeshika pesa yako awe wakala wake, akate na kuituma kwao. Wakala anaweza kuwa mwajiri, benki, hata mpangaji anayekulipa kodi ya nyumba. Hakuna kwenda kortini kwanza. Na wakala akipuuza, deni linaweza kumgeukia yeye mwenyewe. Ndiyo maana wahasibu wakiona hiyo barua wanakata kwanza, maswali baadaye.

Wanaosema hii ililetwa na Mswada wa Fedha wa 2024 wanawadanganya. Mswada ule ulikufa Juni 2024. Mamlaka haya yako kifungu cha 42 cha Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, na kabla ya hapo yalikuwa ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato. Serikali kadhaa zimepita, kifungu kimebaki.

Sasa deni lilitoka wapi, na mimi nimeajiriwa na PAYE inakatwa kila mwezi? Hapa ndipo wengi wanaumia bila kujua. Mwaka wa 2022 nilikuwa na kazi mbili. Moja 30,000 kwa mwezi, nyingine ya jioni 18,000. Kila mwajiri alinipa ile nafuu ya kodi ya 2,400 kwa mwezi, na kila mmoja akahesabu kana kwamba sina kazi nyingine. Kwa hesabu ya haraka, bila NSSF, wa kwanza alikata 1,500 na wa pili hakukata kitu. Lakini sheria inajumlisha mapato yote ya mwaka: 576,000. Kodi yake ukishatoa nafuu moja ni 81,400. Zilizokatwa ni 18,000. Tofauti ni 63,400, na nilipojaza ritani niliweka P9 moja tu. Sikuiba, lakini nilikuwa nadaiwa. Hilo nimekubali.

Juu yake kuna adhabu ya kuchelewa kulipa, asilimia 5, yaani 3,170. Kisha riba ya asilimia 1 kila mwezi, 634. Kuanzia Mei 2023 hadi Agosti 2025 ni miezi 28: 17,752. Jumla 84,322.

Mtauliza, hawakuniandikia? Waliandika. PIN yangu nilifunguliwa saiba zamani zile, na jamaa wa saiba aliweka imeli yake. Barua zote za KRA zilikuwa zinamfikia yeye. Kaguaneni hii leo, jamani. Ukitumiwa tathmini ya kodi una siku 30 za kuweka pingamizi. Ukiweka pingamizi lililo kamili, KRA ina siku 60 za kuamua. Zikipita kimya, pingamizi lako linahesabiwa limekubaliwa. Wakikukataa, una siku 30 kwenda Mahakama ya Rufaa za Kodi. Ukichelewa kwa sababu ya ugonjwa, kuwa nje ya nchi au sababu nyingine ya maana, unaweza kuomba uruhusiwe. Ila saa inahesabu hata kama barua iko kwenye imeli ya mtu.

Kinachoniuma zaidi ni msamaha. Adhabu na riba za madeni ya hadi Desemba 2023 zingefutwa kama ungelipa kodi yenyewe kufikia 30 Juni 2025. Dirisha lilifungwa. Mimi nimejua Agosti.

Lakini rudini kwenye ile 15,000, kwa sababu hapo mhasibu alikosea. Kifungu hichohicho cha 42 kinasema makato ya mshahara kwa notisi hii yasizidi asilimia 20 ya kila malipo, baada ya kutoa PAYE. Mshahara wangu baada ya PAYE ni 35,000. Kikomo ni 7,000. Nilimpelekea kifungu kwenye simu, nikamwambia, "Madam, hebu soma hapa." Alisoma mara mbili. Akasema barua ilitaja deni lote, naye akaogopa.

Kuna ukuta wa pili. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kama una mkopo wa sacco, HELB na bima, jumlisha kila kitu kabla ya kusema sawa.

Tahadhari: ile asilimia 20 inalinda mshahara unaotoka kwa mwajiri. Notisi ikienda benki, pesa iliyokaa kwenye akaunti haina kinga hiyo. Mtu anaweza kuamka akute sifuri.

Kwa hivyo nilipanda matatu ya Kitale kuomba kulipa kidogo kidogo. Sheria inaruhusu kuomba kwa maandishi. Ukikosa awamu moja, salio lote linadaiwa papo hapo, kwa hiyo usiahidi pesa ya mahindi ambayo bado iko shambani.

Kuna mliouliza kuhusu mwajiri anayekata PAYE na hatumi. Huyo ni kesi nyingine. Anatakiwa kutuma kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Weka P9 na karatasi zako zote za mshahara, kwa sababu mfumo wa iTax ukionyesha unadaiwa, ni hizo tu zitakazosema ulikatwa. Ningependa kusikia mgombea akizungumzia hilo jukwaani. Sijasikia bado.

Mwezi huu nimekatwa 7,000. Imeli nimebadilisha. Jamaa wa saiba alihama, sasa anauza simu stendi. Nilipompata alicheka, akasema ana barua za watu kama arobaini humo ndani, na wengi wao hawajui.