Mtindi, Utumbo na Dawa za ARV

Huku kwetu Bukima, na hata Butiama na Bunda, ni nadra nyumba yenye ng'ombe kukosa mtindi. Siku hizi husemwa kwamba mtindi una "bakteria rafiki", na wapo wanaosogea hatua moja ya hatari: kwamba anayeunywa aweza kuacha ARV. Hebu tulitazame jambo hilo.

Utando wa ndani wa utumbo ni safu moja tu ya seli, iliyofunikwa kwa ute. Seli hizo hufanywa upya kila baada ya siku 3 hadi 5, nazo hupitisha chakula kilichosagwa, zikiwa zimeshikamana kwa vifungo vinavyozuia vijidudu. Virusi vya UKIMWI huushambulia utando huo mapema, kwa maana sehemu kubwa ya askari wa mwili imo utumboni. Vifungo vikilegea, sumu za vijidudu huvuja hadi kwenye damu, na mwili hukaa vitani usiku na mchana.

Probiotiki, kwa fasili ya wataalamu wa FAO na WHO ya mwaka 2001, ni vijidudu hai ambavyo vikitumiwa kwa kiasi cha kutosha huleta manufaa ya afya. Maabara imeonyesha kwamba baadhi yake huchochea ute, hukaza vifungo na kuwanyima waharibifu nafasi. Lakini ni wapita njia: ukiacha kuvitumia, baada ya muda mfupi huondoka.

Jirani zetu wa Mwanza wamelijaribu jambo hili. Tangu 2004, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane, Mabatini, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada pamoja na taasisi ya utafiti ya NIMR, walitengeneza mtindi wenye bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GR-1, na waishio na virusi wakanywa. Ni chakula chema, tena ni kipato kwa akina mama. Hata hivyo, wanawake wa Mwanza wenye virusi walipopewa vidonge vya bakteria huyo na mwenzake kwa wiki 25, matokeo yaliyochapishwa 2011 hayakuonyesha tofauti ya seli za CD4 kati yao na waliopewa vidonge vitupu. Basi ARV haina mbadala katika kibuyu.

Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe yawe vuguvugu, ndipo yatiwe kijiko cha mtindi safi. Mabichi huweza kubeba bruselosi, ule ugonjwa wa ng'ombe kutupa mimba. Mtoto anayeharisha apewe maji ya ORS na zinki, kisha apelekwe zahanati. Mtoto njiti, au mgonjwa aliyedhoofu mno, asipewe bakteria hai bila idhini ya daktari, kwa sababu utando uliochakaa huweza kuwapitisha hata hao rafiki hadi kwenye damu.