Sheria Haina Miguu Yake

Wako watu wadhanio kuwa sheria ikisha kupigwa chapa, kazi imekwisha. Wako na wengine wasemao kuwa sheria haiwezi kamwe kugeuza desturi. Habari za kale zaonyesha kuwa wote wamekosea, na yafaa wazazi wa Kisii na Nyamira wazifikiri.

Granville Sharp alikuwa karani wa serikali mjini London. Hakuwa mwanasheria, lakini alipoona mateso ya watumwa alijifunza sheria mwenyewe vitabuni, kisha akawasaidia mawakili waliomtetea mtumwa James Somerset, ambaye bwana wake alitaka kumpeleka Jamaica akauzwe. Mwaka 1772 jaji mkuu, Lord Mansfield, aliamua kwamba bwana hana ruhusa ya kumtoa mtumwa Uingereza kwa nguvu. Somerset akawa huru. Hata hivyo, watumwa wa makoloni waliingoja sheria ya kuwafungua mpaka 1833.

Huku kwetu, tarehe 6 Aprili 1897, Sultani wa Unguja alitoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba. Pwani ya Kenya ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 1907. Lakini tazama sharti la ile amri ya Unguja: mtumwa mwenyewe alipaswa kwenda mahakamani kuomba uhuru wake, tena aonyeshe kuwa ana makao na njia ya kupata riziki. Asiyepata habari, au aliyeogopa kumwacha bwana wake, alibaki pale pale. Mlango ulifunguliwa, lakini aliyefungwa ndiye aliyetakiwa kuusukuma.

Tena iko hatari ya pili, yaani amri isiyoelezwa kwa watu. Mwaka 1956 wazee wa Njuri Ncheke huko Meru walipiga marufuku kutahiri wasichana. Wasichana wengi walikaidi, wakakatana wao kwa wao, wakaitwa Ngaitana, maana yake, nitajitahiri mwenyewe. Zaidi ya watu 2,000 walishtakiwa, na marufuku ile haikufaulu.

Sasa tuje Gusii. Tangu 2011 sheria ya Kenya yakataza ukeketaji wa mwanamke wa umri wowote, hata kama yeye mwenyewe amekubali. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Si mkataji peke yake ashikwaye: aliyemwita, aliyetoa nyumba yake, na aliyejua asitoe habari, wote wana hatia. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuifuta sheria hiyo.

Lakini desturi ni ya siku nyingi. Uchunguzi wa afya wa 2014 ulionyesha kuwa wanawake 84 katika kila 100 wa Kisii walikuwa wamekeketwa. Baada ya marufuku, jambo lililofanywa zamani kwa nyimbo na sherehe limefichwa ndani ya nyumba, na mara nyingi limetiwa mikononi mwa wauguzi. Wazazi hujifariji kwamba wembe ni safi. Sheria haijui wembe safi: muuguzi naye ni mkosaji kama ngariba wa kale, na kilichokatwa hakirudi.

Yule mtumwa wa Unguja aliweza kwenda mahakamani kwa miguu yake. Mtoto wa miaka minane, aliyepelekwa kwa nyanya yake wakati wa likizo ya Desemba, hawezi. Ni lazima mtu mwingine amwendee kwa chifu, kwa polisi, au kwa afisa wa watoto, na afanye hivyo kabla ya siku yenyewe. Na mwenye kujua kusoma ana kazi nyingine pia: akae na jirani zake, akina mama na akina baba, awaeleze kwa upole sheria hii yasema nini, na kwa sababu gani. Karani yule wa London hakuwa na cheo kikubwa kuliko karani wa Keroka au Ogembo.