Uwindaji wa Grind na Mgao wa Nyama Visiwani Faroe

Visiwa vya Faroe viko Atlantiki ya Kaskazini, baina ya Scotland, Norway na Iceland. Ni visiwa 18 vyenye wakazi wapatao 55,000, na tangu 1948 vina utawala wake wa ndani chini ya Ufalme wa Denmark. Ardhi yake ni miamba na majani. Miti ni ya kutafuta, upepo wa chumvi hauachi mazao yakatulia, na sehemu inayolimika ni ndogo mno. Kwa zaidi ya miaka elfu moja watu wa huko wamelishwa na kondoo, samaki, ndege wa baharini wanaotegwa kwenye majabali, na mnyama mmoja ambaye leo amewatia midomoni mwa dunia nzima: grindahvalur, nyangumi mdogo mweusi mwenye kichwa cha mviringo.

Jina la nyangumi lisimpoteze msomaji. Katika uainishaji wa wanasayansi mnyama huyu yumo katika ukoo wa pomboo, ingawa ni pomboo mkubwa kweli: dume hufikia urefu wa mita sita na uzito wa zaidi ya tani mbili. Huishi katika makundi ya undugu, majike na watoto wao, na kundi likitishwa halitawanyiki, hushikamana zaidi. Tabia hiyo ndiyo inayowezesha windo lenyewe, kwa kuwa anayefaulu kuligeuza kundi huligeuza lote. Ndiyo pia inayowatia uchungu wanaolipinga.

Sheria ya kale ya visiwa hivyo, iitwayo Barua ya Kondoo, ya mwaka 1298, tayari ilikuwa na vifungu kuhusu haki za mtu aliyemkuta nyangumi baharini au aliyekwama ufukweni. Kumbukumbu ya zamani zaidi ya idadi ya nyangumi waliouawa ni ya 1584, na tangu 1709 hesabu zimewekwa karibu bila kukatika. Ni jamii chache duniani zenye daftari la mawindo refu namna hiyo. Wastani wa muda mrefu ni kama nyangumi 800 kwa mwaka, lakini wastani huo huficha mengi: kuna miaka ya neema ambapo walipatikana maelfu, na miaka ambapo hakupatikana hata mmoja, na mabibi waliomba Mungu kundi lipite kabla ya majira ya baridi.

Windo lenyewe huitwa grindadráp, kwa kifupi grind, na halipangwi. Hakuna anayetoka nyumbani kwenda kuwasaka. Mvuvi au abiria wa feri akiona kundi karibu na nchi kavu hutoa habari. Zamani habari ilipelekwa kwa mioto juu ya vilima na kwa vijana wenye mbio. Leo ni simu. Afisa mkuu wa wilaya, sýslumaður, ndiye mwenye kauli. Huangalia hali ya bahari, wingi wa watu walio tayari na ukubwa wa kundi, kisha huruhusu au hukataza. Pia hutaja hori litakalotumika, maana si kila ufuo unafaa: sheria huorodhesha mahori yaliyoidhinishwa, yenye mteremko mpole na mchanga wa kutosha ili wanyama wapande nchi kavu kwa nguvu ya mwendo wao. Watu huacha kazi. Maduka hubaki na mhudumu mmoja, na darasani walimu hujua hakuna wa kumfundisha saa hiyo.

Mashua hupanga nusu duara nyuma ya kundi na kulisukuma taratibu kuelekea pwani. Wanaume hurusha majini mawe yaliyofungwa kamba, na mapovu na kelele zake huwa ukuta ambao wanyama hawapendi kuuvuka. Wakifika kwenye maji ya kina kifupi, waliosimama ufukweni huingia hadi kifuani. Kulabu butu hutiwa katika tundu la kupumulia lililo juu ya kichwa, nyangumi huvutwa kwa kamba, kisha chombo maalumu chenye mfano wa mkuki mfupi huchomwa nyuma ya tundu hilo kukata uti wa mgongo pamoja na mishipa mikubwa ya damu iendayo kwenye ubongo. Ikifanywa sawasawa, mnyama huzimika kwa sekunde chache. Kulabu butu ilianza kutumika miaka ya 1990 mahali pa ile yenye ncha iliyokuwa ikizama mwilini, na tangu 2015 hakuna anayeruhusiwa kuua bila cheti cha mafunzo. Damu yote humwagikia hori, na bahari hugeuka nyekundu kabisa. Ni mandhari hiyo, kuliko jambo lingine lolote, iliyoieneza habari ya Faroe ulimwenguni.

Kinachofuata hakipigwi picha sana, nacho ndicho kiini cha mila. Nyangumi hupangwa kwa safu gatini. Wapimaji walioteuliwa hupita na kijiti chenye alama, wampime kila mmoja na kuchonga namba kwenye ngozi yake. Kipimo si kilo wala mita. Ni skinn, kizio cha kale ambacho siku hizi huhesabiwa kuwa kiasi cha kilo 38 za nyama na 34 za shahamu. Baada ya hapo sýslumaður na wasaidizi wake huketi na daftari kupiga hesabu: aliyeliona kundi kwanza ana fungu lake, waliojeruhiwa au kuharibikiwa mashua hulipwa kutoka humo, waliofanya kazi wana lao, na katika wilaya nyingi kila nyumba iliyosajiliwa kijijini hupata sehemu, mwenye nyumba awe alishika kamba au alikuwa kitandani anaumwa. Nyumba za wazee na hospitali hupelekewa. Mwisho hutolewa karatasi ndogo zenye namba, na familia kadhaa hujikuta zinamiliki nyangumi mmoja kwa pamoja. Huenda na visu vyao kumpasua na kugawana.

Hailipwi hata senti. Baadhi ya nyama huja kuonekana dukani na hotelini, lakini asili yake ni mgao wa bure, na hapo ndipo Wafaroe husimama wanapojitetea. Kwao grind si biashara. Inafanana na nyama ya mbuzi wa shughuli kuliko nyama ya bucha: haki ya mtu inatokana na kuwa wa pale, na tajiri hana nyongeza. Hoja hiyo ina uzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Ni vigumu kuutaja mfumo mwingine wa chakula katika Ulaya ya leo ambao fukara na mwenye kampuni ya meli hupanga foleni moja kwa fungu moja.

Chakula chenyewe ni tvøst og spik, yaani nyama nyeusi na shahamu nyeupe, huliwa na viazi. Nyama hupikwa mbichi siku hiyo, hutiwa chumvi, au huanikwa katika banda la mbao lenye mianya ambamo upepo hupita miezi na miezi mpaka ikauke iwe ngumu na nyeusi kama lami. Shahamu hukatwa vipande vyembamba na kutafunwa pamoja na samaki mkavu. Mgeni wa mara ya kwanza mara nyingi husema inanuka taa ya mafuta. Mwenyeji huona ajabu, kama Mzanzibari aonavyo ajabu mtu anayekunja pua mbele ya ng'onda.

Upinzani wa kimataifa ulianza kwa kishindo miaka ya 1980, ukiongozwa na mashirika kama Sea Shepherd. Mwaka 2014 shirika hilo lilituma wanaharakati majira yote ya kiangazi, kadhaa wao walikamatwa, na meli za jeshi la Denmark zikawekwa kulinda windo. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha kusudi. Vijana waliokuwa wameanza kuipuuza nyama hiyo waliirudia kwa fahari, na grind ikageuka alama ya taifa dogo lisilokubali kuamrishwa.

Sehemu ya upinzani huo ni dhaifu. Kwamba mnyama haliwi kwa kawaida mahali fulani hakuthibitishi lolote kuhusu haki ya kumla. Mfaransa hununua nyama ya farasi kwa muuzaji wake. Ng'ambo ya mlango wa bahari, mwaka 2013, Uingereza iliingia katika taharuki nyama hiyo ilipogunduliwa ndani ya vyakula vilivyoandikwa kuwa ni vya ng'ombe. Senene ni zawadi ya heshima Bukoba na Uganda, na kinyaa kwa wengi wa pwani. Hata ndani ya dini moja mistari haiko pamoja: kwa kauli iliyoenea ya madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, wanyama wa baharini kwa jumla ni halali, ilhali Wahanafi huruhusu samaki tu na kuwatoa pweza na kaa. Kinyaa ni mazoea ya utotoni. Mtu anayekula nguruwe aliyeishi maisha yake yote ndani ya kizimba cha chuma, kisha akawaita Wafaroe washenzi, anastahili kuulizwa ni nini hasa kilichomuudhi: mauaji, au kuyaona.

Sehemu nyingine ni nzito na haijibiwi kwa kutaja mila. Mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham aliandika mwishoni mwa karne ya 18 kwamba swali kuhusu wanyama ni kama wanaweza kuteseka, na Peter Singer alilijengea hoja kamili katika kitabu chake cha 1975, Animal Liberation. Kwa upande wa pomboo, sayansi imeongeza uzito. Mwaka 2001 Diana Reiss na Lori Marino walionyesha kuwa pomboo wa aina iitwayo bottlenose hujitambua katika kioo, uwezo uliothibitishwa kwa wanyama wachache sana. Pomboo wa aina hiyo wana miluzi ya pekee inayotumika kama majina. Kwa mnyama mwenye akili na undugu wa kiasi hicho, sekunde chache za kisu si hesabu yote ya mateso. Kuna pia muda wa kufukuzwa, na muda wa kungoja majini huku jamaa zake wakiuawa ubavuni mwake. Hapo hata mkuki bora kuliko wote hausaidii.

Wingi wa wanyama, kwa upande mwingine, haumsaidii mpinzani. Aina hii haihesabiwi kuwa hatarini kutoweka. Katika Atlantiki ya Kaskazini wapo mamia ya maelfu, na Wafaroe huchukua sehemu ndogo. Wanaosema windo litawamaliza wanakosea, na kosa hilo huwapa Wafaroe ushindi rahisi.

Mjadala ulihamia ndani ya visiwa vyenyewe tarehe 12 Septemba 2021. Siku hiyo, kwenye hori la Skálabotnur, waliuawa pomboo zaidi ya 1,400 wa aina nyingine, wenye ubavu mweupe, kwa mkupuo mmoja. Kundi lilidhaniwa kuwa dogo kuliko lilivyokuwa; waliofika kuua walikuwa wachache, na kazi ikachukua muda mrefu mno, wanyama wakigaragara ufukweni. Safari hii waliokasirika walikuwa Wafaroe wenyewe, wakiwemo wawindaji wa siku nyingi. Kura ya maoni iliyofuata ilionyesha zaidi ya nusu wakipinga kuua pomboo hao, huku zaidi ya asilimia 80 wakiendelea kuunga mkono uwindaji wa grindahvalur. Mwaka uliofuata serikali iliweka kikomo cha muda cha pomboo 500 kwa mwaka. Kilichowakera wenyeji kilikuwa uvunjaji wa kanuni zao: kuchukua zaidi ya kinachoweza kuuawa kwa haraka na kugawanywa chote.

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, uwindaji wa pomboo ulikufa kwa njia nyingine. Wavuvi waliwaua, na nyama ilitumika zaidi kama chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watalii walianza kulipia mashua kwenda kuwaona, na kufikia 1996 uwindaji ulikuwa umekoma, pomboo hai akiwa na thamani kuliko chambo. Hakukuwa na mgao wala daftari la karne tatu la kuachana nalo. Faroe hali si hiyo, na pesa hazinunui kwa urahisi kitu ambacho asili yake ni mgao wa bure.

Hoja yenye nguvu kuliko zote imetoka kwa madaktari wa huko huko. Zebaki inayotokana na uchomaji wa makaa ya mawe na uchenjuaji wa dhahabu, kazi inayofanywa hata na wachimbaji wadogo wa Geita, huishia baharini, huingia katika viumbe wadogo na kujilimbikiza kadiri mmoja anavyomla mwingine, mpaka ifike kwa wanyama wa juu kama grindahvalur. Pál Weihe, daktari Mfaroe, na mwenzake Philippe Grandjean walifuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa visiwani 1986 na 1987. Matokeo yaliyotangazwa 1997 yalionyesha kuwa watoto ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi zaidi wakati wa mimba walikuwa nyuma katika kumbukumbu, umakini na lugha. Mwaka 2008 Weihe na mganga mkuu wa visiwa, Høgni Debes Joensen, waliiandikia serikali kwamba nyama hiyo haifai tena kuliwa na binadamu.

Serikali haikufika huko. Mwongozo wa 2011 unamshauri mtu mzima asizidishe mlo mmoja kwa mwezi, unawataka wanawake wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotarajia kushika mimba karibuni wasile kabisa, na unamtaka kila mtu asile ini wala figo. Wafaroe leo wana kipato kinacholingana na cha Denmark, samaki wao wanauzwa dunia nzima, na maduka yao yamejaa. Windo lililohalalishwa na njaa sasa linatoa chakula ambacho mama mjamzito hushauriwa asikiguse na baba hushauriwa asikirudie hadi mwezi ujao. Mgao wake ni wa haki. Sababu ya kuua ndiyo iliyokwisha.