Kupakia Tela Bila Kuvunja Mgongo

Mavuno yakikaribia huku Himo naulizwa sana kuhusu bei ya soko na dawa ya dumuzi. Kupakia hakuna anayeuliza, mpaka mtu aumie. Leo nazungumzia tela, na naanza na kosa langu mwenyewe.

Msimu mmoja nilikuwa na kikundi cha vijana huku ukanda wa chini. Trekta lilikuwa moja na kazi nyingi. Nikawaambia walifungue tela, wapakie taratibu, trekta liendelee na kazi nyingine. Tela lilikuwa la ekseli moja. Wakaanza kupanga magunia nyuma kwa sababu mlango uko huko. Magunia yalipofika manane, mkono wa mbele ukainuka, tela likabinuka, mzigo ukamwangukia kijana aliyesimama nyuma. Akavunjika mguu, na msimu ule hakulima tena. Aliyesema "lifungueni" ni mimi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: tela la ekseli moja lipakiwe likiwa limefungwa kwenye trekta au pawatila, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, na kabari ziko mbele na nyuma ya magurudumu. Ikibidi lifunguliwe, weka nguzo imara chini ya mkono wa mbele na nyingine mbili chini ya pembe za nyuma. Anza kupanga mbele, uje katikati juu ya ekseli, nyuma iwe ya mwisho. Mzigo uelemee mbele kidogo, usielemee nyuma.

Sasa tuje kwenye wepesi wenyewe. Wengi wakiona kupakia ni kugumu wanaongeza watu. Mimi nasema punguza kimo. Kinachochosha ni kulitoa gunia chini na kulifikisha juu, na sakafu ya tela nyingi iko kama mita 1 kutoka ardhini.

Kama shamba lako liko mlimani, tumia mteremko. Tafuta ukingo wa tuta au wa barabara ya shamba, simamisha tela upande wa chini, sakafu yake ilingane na ardhi ya juu. Gunia halinyanyuliwi tena, linavutwa tu kuingia ndani. Imarisha ukingo huo kwa mawe ili usimomonyoke mtu akiwa juu yake. Kama uko tambarare, chimba njia ya mteremko ya kurudishia tela kinyumenyume. Ikishuka nusu mita tu, umepunguza nusu ya kazi. Iachie mfereji wa kutoa maji.

Kama huwezi kuchimba, tumia ubao. Kwa kimo cha mita 1, ubao wa mita 3 unakufanya usukume kama theluthi moja ya uzito. Gunia la kilo 100 unalisukuma kama kilo 33 na kitu, mradi liko kwenye toroli la magurudumu. Ukiliburuta juu ya ubao mtupu, msuguano unakula sehemu kubwa ya faida. Ubao wa mita 4 unashusha mpaka robo. Uwe mnene, usipinde katikati, na ncha ya juu ifungwe kwa ndoano ili usiteleze.

Vitu vizito kama mashine ya kupukuchulia au pampu vina dawa yake. Wavuvi wanapopandisha mtumbwi ufukweni hawaubebi, wanauvingirisha juu ya magogo. Fanya hivyo hivyo: weka vipande vya bomba la chuma chini ya mashine, na mbele ya tela funga winchi ya mkono yenye meno ya kuzuia kurudi nyuma. Mmoja azungushe, mwingine awe pembeni akifuata na kabari. Asisimame mtu nyuma ya mashine, wala kwenye mstari wa waya. Waya ukikatika hauchagui.

La mwisho ni gunia lenyewe. Lumbesa inakuumiza mara mbili: mnunuzi anakupunja, na kijana wako anaumia mgongo. Sheria ya vipimo hapa nchini inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100 kwa gunia. Na hata hizo 100 si za mtu mmoja kubeba. Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza tangu 1967 kwamba mwanaume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Ukifungasha kilo 50, mtu mmoja anamudu, unahesabu kirahisi, na dukani bado unauza kwa kilo.

Utaniambia mbao na winchi ni gharama. Sawa, piga hesabu. Chukua bei unayolipa kupakia gunia moja, zidisha kwa magunia ya msimu mzima, halafu linganisha na bei ya mbao mbili kwa fundi. Mbao utazitumia na mwakani. Mimi hesabu yangu ilikamilika siku ile tulipokuwa tunamtoa yule kijana chini ya magunia.

Kabla hujaenda kuvuna, chukua futi, pima kimo cha tela lako. Kazi inaanzia hapo.